Wifi kanambia nina mikono michafu, kisa achari

Shangazi, asalaam aleikum. Sijalala. Sasa saa tisa za usiku, nimezipanga chupa jikoni nazifungua moja moja kuzinusa.

Mikono michafu! Wifi kalitamka mbele ya wateja, dukani kwake Darajani ninakoweka achari ya ndimu kwa mali kauli. Kaiinua chupa, kawaonesha utando mweupe juu yake, kisha akalisema neno hilo.

Achari sikuanza jana. Huchagua ndimu za manjano zenye ganda jembamba, kwani za kijani ganda hubaki gumu na chungu. Huziosha, nikazifuta, nikazitandaza kwenye ungo usiku kucha mpaka pakauke hata pale kwenye kikonyo, maana kuvu huanzia kwenye maji yanayojificha hapo. Huzipasua nne bila kuachanisha kitako, nikazishindilia chumvi. Chupa huzichemsha dakika 10 nikazikausha kifudifudi. Mifuniko hununua mipya, ya zamani huliwa na chumvi na ukali wa ndimu, kutu ikadondokea ndani. Kisha juani wiki 3, na kila asubuhi huzitikisa, mpaka ganda ligeuke hudhurungi na likatike kwa kijiko. Pilipili ya unga, manjano na thomu hutia mwisho. Mwenye mikono michafu atahangaika hivyo?

Na yeye je? Ana chupa ya kuonjesha, kijiko chake hukisuuza kwenye gilasi ya maji akakirudisha kinachuruzika. Nimeshamkataza mara ngapi! Hilo hakulisema mbele ya watu.

Haya, masika nayo. Safari hii nilipata jua siku 4 tu, nikazihamishia karibu na jiko, lakini joto la jiko si jua. Na chumvi, basi nikwambie: wateja wenye presha walilalamika, na wifi ndiye wa kwanza kunambia nipunguze. Kilo 5 za ndimu hutia chumvi robo tatu kilo. Safari hii nilitia robo na kidogo. Ndimu hazikutoa maji ya kutosha, vipande vikachomoza juu, na kinachochomoza ndicho kinachoota kuvu. Nilikuwa nalijua hilo. Lakini huo si uchafu wa mikono, shangazi. Au ndio huo huo?

Jirani kanambia nikwangue utando, niongeze siki, nizirudishe dukani, hakuna atakayejua. Sitaki. Kuvu unayoiona ni ya juu tu, chini imeshapenya, tena hula ule ukali unaoilinda achari, na ukali ukipungua hujui kitakachofuata humo ndani. Chupa 9 nilizonazo hapa nitamwaga.

Dukani kwake siweki tena hata chupa moja, nimeapa. Lakini nimeshapokea arbuni ya chupa 60 za harusi mwezi ujao, aliyeniunganisha ni yeye, na pesa nimeshanunulia ndimu. Mume wangu kasema ni dada yake, nimwache apoe. Yeye apoe! Aliyetukanwa ni mimi.

Jambo moja nilitaka nisiliandike. Aliponiuliza pale pale kama kuna nilichobadilisha, nilisema wallahi sijabadilisha kitu. Watu wote walisikia. Na kwenye shelfu yake mna chupa nyengine 14 za kundi hilo hilo, kwa nje bado safi. Nikienda kuzichukua bila kueleza sababu, ataona nimekubali neno lake la mikono. Nikimweleza ya chumvi, nitakuwa nimeapa uongo mbele ya wateja wake.

Nimwambie nini, shangazi? Duka hulifungua saa 2 asubuhi.