Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: tuwahesabu na watoto wanaofia nyumbani

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Pokea salamu kutoka Newala. Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Sehemu kubwa ya umri wangu nimeitumia kuzalisha wanawake wa huku juu, kwenye uwanda wa Makonde, na hata sasa majirani hubisha hodi usiku mtoto akibanwa na kifua.

Nakuandikia kuhusu watoto wanaotoka wodini wazima, wananyonya vizuri, uzito unaridhisha, halafu ndani ya miezi michache tunasikia wamezikwa. Wengi wa hao hawamo katika kitabu chochote cha MTUHA, yaani vitabu vya takwimu vya vituo vya afya, kwa kuwa hawakufia mikononi mwa mhudumu. Mtoto anafariki alfajiri, adhuhuri ameshazikwa, na mwisho wa mwezi taarifa ya zahanati inakwenda wilayani ikiwa na sifuri. Sifuri hiyo ndiyo inayofika mezani kwako.

Sibezi yaliyofanyika. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta watoto 67 katika kila vizazi hai 1,000 wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano; ule wa 2022 ukakuta 43. Hayo ni maisha ya watoto wengi sana. Lakini tazama hapo hapo wachanga walio chini ya mwezi mmoja: walikuwa 25, wakawa 24. Karibu hapajasogea kitu. Na wanaokufa kabla ya mwaka mmoja, kwa utafiti wa 2022, ni 33. Kwa hiyo sehemu kubwa ya vifo vya mwaka wa kwanza vinatokea ndani ya zile siku 28 za mwanzo.

Wataalamu watakuambia, na ni kweli, kwamba wachanga hao huondolewa na kuzaliwa njiti, kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa na maambukizi. Naomba tuulize swali la nyuma yake: kwa nini mama huyu amezaa njiti? Mara nyingi jibu liko nyumbani kwake. Alibeba mimba ana miaka 17, damu haimtoshi, malaria imemshika zaidi ya mara moja, na Februari na Machi alikuwa akila mlo mmoja, muhogo bila kitoweo.

Miezi hiyo unaijua, Mheshimiwa. Fedha za korosho zimekwisha, mazao mapya hayajaiva, mvua inanyesha. Ndipo wanapopita wanunuzi wa kangomba, wale wanaonunua korosho mapema kwa bei ya chini, nje ya ushirika. Kaya yenye mjamzito inaiuza korosho kabla mkorosho haujatoa hata ua ili ipate unga na nauli ya kwenda kujifungua. Minada ikifunguliwa Oktoba, jirani analipwa kupitia AMCOS yake, yaani chama chake cha ushirika, ila kaya ile korosho yake imeshaliwa. Tunawakemea wakulima kwa kangomba kila msimu. Mimi sijamwona mwanamke aliyekubali bei ile kwa kupenda.

Sasa nikupeleke ndani ya nyumba yenyewe. Kuta za miti na udongo, paa la nyasi, chumba kimoja cha kulala. Kiangazi hupikwa nje. Masika mafiga yanaingizwa ndani, na mzazi na kichanga wanalala humo humo, tena moto unaachwa uwake usiku ili mtoto asipate baridi. Nia ni njema kabisa. Lakini mapafu ya mtoto wa wiki mbili yanavuta moshi wa kuni usiku kucha, na nimonia inapokuja inakuta njia iko wazi. Bibi anaona mbavu zinaingia ndani, anasema ni mafua. Anasema hivyo kwa sababu hakuna aliyemwonyesha tofauti.

Kuhusu maji nitasema kwa urefu, kwa kuwa huku kwetu ndiyo mzizi. Maji ya mradi wa Makonde yanasukumwa kutoka Mitema, bondeni, hadi huku juu. Pampu ikisimama, bomba linakauka. Hapo mwenye bati na kisima cha saruji uani anatumia maji ya mvua aliyoyavuna. Mwenye paa la nyasi hana alichovuna, analazimika kumnunulia huyo huyo mwenye bati, ndoo kwa ndoo. Yaani maskini ndiye anayelipia maji yaliyotoka mbinguni. Akipata ndoo mbili, atapika kwanza. Mikono aliyomtawazia mtoto itafutwa kwa kanga, kisha imkorogee uji. Na uji wenyewe mtoto ameanza kupewa ana miezi miwili, kwani mama amekwenda kupalilia shamba la mtu na kumwachia dada wa miaka tisa. Kliniki tunamfundisha anyonyeshe maziwa yake tu kwa miezi sita. Anajibu ndiyo, muuguzi. Kesho yake njaa inampeleka kibaruani.

Namba 115 ya M-mama, ya kuitia usafiri wa dharura kwa wajawazito, wazazi na wachanga, ni msaada mkubwa, na nimeona imeokoa. Ila lazima simu iwe na chaji, na awepo mtu wa kutambua kwamba mtoto aliyeacha kunyonya tangu asubuhi ni mgonjwa mahututi.

Ombi langu la kwanza ni hesabu. Kila mwenyekiti wa kitongoji na kila mhudumu wa afya ngazi ya jamii aandike kila mtoto aliyefariki kabla ya mwaka mmoja, popote alipofia, pamoja na hali ya nyumba: maji, moto, chakula cha mama. Isiwe kwa kumtafuta mkosaji. Mama akihisi anashtakiwa, atazika kimya. Wahudumu hao hao wafike kwa kila mzazi ndani ya wiki ya kwanza, na warudi tena baada ya hapo.

La pili ni fedha. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Madiwani wetu wa Newala, Tandahimba, Nanyamba na kwingineko mkoani wanaweza, ukiwasimamia, kutenga pia sehemu ya ushuru wa korosho kwa kaya fukara zenye mjamzito au kichanga: bati chache, tangi la maji, jiko lenye njia ya kutolea moshi, na posho ya chakula miezi ya njaa. Orodha ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, huandikwa kwa awamu, na mimba haisubiri awamu. Kadi ya kliniki ingetosha kumtambua mama huyo.

Naomba hili lijadiliwe katika Kamati ya Ushauri ya Mkoa kabla halmashauri hazijapitisha makisio ya mwaka ujao wa fedha, na wakurugenzi waje kwenye kikao hicho na idadi ya watoto waliofia nyumbani katika halmashauri zao. Asiyekuwa nayo apewe tarehe ya kuileta.

Wako katika kuwatumikia wananchi,

Muuguzi mkunga mstaafu,
Newala