Asante, mama wa banda la mbuzi

Mama, jina lako sikuuliza, ila nataka watu wajue ulichotufanyia.

Binti yangu wa miaka 11 yumo kwenye klabu ya 4-H, ya watoto na vijana wanaojifunza ufugaji na stadi nyingine, hapa Iowa, Marekani. Sisi tumetoka Kongo. Mbuzi tunawajua, lakini mbuzi wa kushindanishwa mbele ya jaji hatukumjua. Asubuhi ya maonyesho ya kaunti mbuzi wake alilala chini, akagoma kabisa. Mkanda wa shingoni ulikuwa mkubwa, unamvuka kichwa. Mtoto akaanza kulia, na mimi Kiingereza kikanikimbia.

Ulikuja na ndoo yako mkononi. Ukavua mnyororo mwembamba shingoni mwa mbuzi wako mwenyewe, ukamvisha wetu juu kabisa, chini ya taya. Ukamwonyesha binti kumpanga miguu minne kama ya meza, kutomziba jaji, na kumtazama jaji usoni, ingawa kwetu mtoto hamkazii mkubwa macho. Kisha ukamuuliza: anakula nini? Ana umri gani? Kwato unamkata lini? Akikosea, unauliza tena, taratibu. Mlizunguka banda mara tatu, na zamu ya mjukuu wako ilikuwa karibu.

Alipata utepe mwekundu wa tuzo, ngazi ya chini ya ule wa bluu. Lakini jaji alipomuuliza, alijibu kwa sauti. Mtoto huyu darasani haongei!

Wazazi wenzangu, mwakani tukimwona mtoto mgeni amekwama bandani, tumsogelee.

Mnyororo wako bado tunao, mama. Tutakuletea palepale bandani.