Mama, kabla hujatuma hela ya hiyo Escudo

Mama hujambo, habari za Kwimba na mvua. Sisi huku Igoma wazima, mama yako anakusalimu, leo kakaanga sato wawili wakubwa tukabaki tunaangaliana mezani, bado anapika kama vile mko wote hapa nyumbani.

Zile picha ulizotuma jana usiku nimeziona, nimezikuza mpaka simu ikapata moto. Suzuki Escudo nyeupe milango mitano, namba C, dalali anataka milioni 9 na anasema kuna mtu mwingine anakuja na cash keshokutwa. Ukaniambia baba nimeipenda, mi nikanyamaza, najua ulifikiri nimekataa. Sijakataa mama. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, maana kuna jambo la nyuma linahusu gari ambalo sijawahi kukwambia, na kwenye simu lisingetoka vizuri, kwaiyo nimeona niandike.

Kwanza umechagua vizuri. Wenzako wengi wangekimbilia kagari ka chini, kanakula mafuta kidogo, kanapendeza mjini, na kwa mtu wa mjini ni sawa kabisa. Ila we kazi yako ni kuzungukia wakulima, leo uko Ngudu mjini kesho uko ndani huko, na njia za huko mi nazijua toka hujazaliwa. Ukiwa kwenye luseni unaona raha, mchanga tu, lakini ukishuka mbugani mvua ikiwa imenyesha ule udongo mweusi unashika tairi kama ugali wa muhogo unavyoshika vidole, tairi inanenepa mpaka inakuwa haina meno tena. Hapo kagari ka chini kanalala hapohapo mpaka ng'ombe waje kukavuta.

Escudo ya umri huo ina chesisi yake chini kama lori alafu bodi imekaa juu, na ina gia ndogo, ile ya kwenda polepole kwa nguvu kwenye tope. Hivyo vitu viwili ndo vya kulipia hela. Watu wanachanganya wanasema si bora RAV4, na RAV4 za zamani ni gari nzuri mi mwenyewe nazipenda, zinavuta miguu yote minne, ila gia ndogo hazina wala chesisi ya kujitegemea hazina. Escudo zilianza 1988, na mpaka zile zilizoisha kutengenezwa 2005 zote ni chesisi kamili, zilizofuata wakaiunganisha na bodi. Hiyo yako kwenye picha ya kadi naona namba ya chesisi inaanza na TL52W, hiyo ni injini ya 2000cc, inatumia cheni sio mkanda wa taimingi, kwaiyo habari ya kubadili mkanda huna, lakini oili usicheleweshe hata kidogo maana cheni ikichoka inaanza kulia asubuhi ukiwasha, krrr, kama mtu anatikisa sarafu kwenye kopo.

Habari ya kuagiza Japan niliona umeigusa, iache. Gari iliyozidi miaka kumi inapigwa asilimia 30 ya uchakavu peke yake, ukiacha ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT 18 na vingine vidogovidogo, alafu ikishatoka bandarini Dar bado uilete huku zaidi ya kilomita 1,100. Kwa gari ya zamani hela yako inaishia kwenye kodi. Nunua ya mkononi hapahapa Mwanza.

Sasa lile jambo.

Unaikumbuka ile Prado ya bluu. Ulikuwa form three, mwaka 2013. Mi nimeendesha gari za mradi miaka mingi, nikaona na mimi niwe na yangu, nikauza kile kiwanja cha Buhongwa nikaenda kuiona Prado kwa mtu mmoja, alikuwa na dalali wake. Nilifika saa tano asubuhi kama tulivyokubaliana. Nikakuta gari imeoshwa, tairi zimepakwa ile dawa zinang'aa, boneti iko wazi na injini inaunguruma vizuri sana, wananisubiri. Nikagusa boneti ya moto. Nikafurahi eti gari iko hai. Mtu niliyeshika usukani toka ujana, nikasahau kujiuliza kwa nini imewashwa kabla sijafika.

Ilikuwa ile ya dizeli, 1KZ, 3000cc yenye tabo. Injini tamu ile, ina nguvu, mlima wa Bwiru inapanda kama haina habari, ila sirinda hedi yake, kile kipande cha juu cha injini chenye valvu, ni aluminiamu na ikichemka sana hata mara moja inaweza kupasuka. Na hii ilikuwa ishapasuka. Walikuwa wanaipasha kwanza na kujaza maji, mteja akija anakuta iko sawa, anaizungusha kilomita tano sita analipa.

Wiki ya tatu nikaenda nayo Geita. Wakati huo daraja la Kigongo-Busisi bado, lile limefunguliwa Juni 2025 tu, zamani ilikuwa foleni ya kivuko. Kwenda nikafika. Kurudi, nimepita Sengerema, mshale wa temprecha ukaanza kupanda, nikasimama, nikasubiri, nikaongeza maji, yakawa yanatoka mapovu kwenye rejeta kama sufuria ya maharage. Vijana wa bodaboda wakanisaidia kuisukuma mpaka ndani ya kivuko pale Busisi, nikavuka ziwa nimekaa ndani ya gari iliyokufa, watu wote wanaangalia. Fundi alipofungua hedi akanionyesha, mpasuko kati ya valvu na valvu, mwembamba kama unywele, ukipitisha ukucha unaukwaruza. Hedi nyingine, gasketi, kazi ya fundi, na bado haikutulia, mwisho nikaiuza kwa bei ya kutupa, na yule mnunuzi nilimwambia ukweli wote.

Mama, ndo muhula ule uliorudishwa nyumbani kwa ada. Wiki mbili ulikaa hapa, unasoma daftari za zamani uani, nikakwambia hela za pamba zimechelewa. Haikuwa pamba. Ada yako ilikuwa kwenye ile hedi. Mama yako anajua, we nilishindwa kukwambia, na jana ulivyosema dalali anakuharakisha nikaiona tena ile boneti ya moto. Nisamehe kwa hilo.

Kwaiyo ninachokuomba ni kimoja, hiyo gari tuikute imelala. Saa kumi na mbili asubuhi, bila kumpigia mtu, kwa mwenye gari mwenyewe. Weka mkono kwenye boneti, ikiwa ya moto saa hiyo tunarudi nyumbani, hatuulizi swali. Ikiwa ya baridi tunafungua kifuniko cha rejeta (kikiwa baridi tu, kamwe usifungue cha moto, kitakuchoma uso), tunaangalia maji yana rangi gani, yakiwa na mafuta juu au ukigeuza kifuniko cha oili ukakuta utando mweupe kama krimu ya chai ya maziwa, tunaaga. Alafu tunawasha tukiangalia maji hayohayo, mapovu yakipanda mfululizo ni ugonjwa uleule wa Prado yangu. Na moshi wa kwanza wa asubuhi ndo unasema kweli, ukitoka wa bluu inakula oili. Dakika za kwanza hizo dalali hana cha kuzificha, ndo maana wanapenda uje saa tano.

Alafu tunalala chini. Mi nitalala, we shika tochi. Kwa huku kwetu kuna kitu kimoja watu wa mikoa mingine hawakiwazi, gari nyingi za fowili, hizi zinazovuta miguu yote minne, za kando ya ziwa zimebeba samaki. Maji ya ziwa hayana chumvi hayana neno, ila kuna walioibebea kayabo, ile sangara ya chumvi, na chumvi ikichuruzika chini ya kapeti inakula bati usiku na mchana, juu rangi inang'aa chini unaweza kupitisha kidole. Kwaiyo tunainua kapeti la nyuma mpaka bati lionekane, na unainama unanusa. Perfume kali ndani ya gari inaniogopesha kuliko harufu ya dagaa. Kwenye chesisi nagonga na bisibisi toka mbele mpaka nyuma, chuma kizima kinalia ting, kilichooza kinajibu kama boksi.

Tairi usidanganyike na meno, ubavuni kuna tarakimu nne, mfano 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019, tairi ikizeeka inapasuka hata kama ina meno ya kutosha. Namba ya chesisi tunaisoma kwenye chuma chenyewe tunailinganisha na kadi herufi kwa herufi, na kadi iwe orijino. Deni la trafiki unaangalia kwa namba ya gari, kuna mtu aliuziwa gari na faini za miaka miwili za mwenzake. Mkataba mbele ya wakili, alafu TRA kubadilisha jina mara moja na TIN yako, usikubali maneno ya "tutabadilisha mwezi ujao".

Na hela yote usiitumie kwenye kununua. Una milioni 9, tafuta ya 7 au 7 na nusu, inayobaki ni ya busha, bolijointi, shokap, oili ya injini na ya difu zote mbili mbele na nyuma, mkanda wa feni, betri. Gari ya zamani hata iliyotunzwa inakudai mwezi wa kwanza, ukishailipa inatulia. Spea za Escudo zinapatikana hapa mjini bila shida, fundi wa Nyakato anaifungua amefumba macho.

Nimeandika mengi ya kutisha na sitaki uogope, maana hizi gari mama nazipenda kwa moyo wote. Nataka ujue ile raha yake. Mwaka 1998 zile mvua za El Niño nilikuwa na mkonga wa mradi, Land Cruiser hardtop yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, sirinda sita haina tabo wala kompyuta, ikishawaka inaenda. Natoka Ngudu kwenda Magu nikaingia mbugani, gari ikakaa mpaka difu. Nikavuta liva ya fowili, nikakanyaga, tairi za nyuma ndo zinachimba tu na za mbele zimetulia. Nikakanyaga tena ikazidi kuzama. Nikashuka, nikapiga magoti kwenye lile tope, nikafuta hab ya mbele, kile kitovu cha gurudumu unachokifunga kwa mkono ndo tairi za mbele zivute, kwa dole gumba, maandishi yakatokea, FREE. Sikuwa nimezifunga. Nikazungusha kwa vidole mpaka LOCK, nikazunguka upande wa pili hivyohivyo, nikarudi ndani, gia ndogo, namba mbili, nikaachia klachi polepole bila kukanyaga mafuta hata kidogo. Ikainuka. Ikatembea yenyewe taratibu inatoka kwenye lile tope kama ng'ombe anayepanda kutoka kwenye josho, maji yanamchuruzika mbavuni. Nilicheka peke yangu mle ndani kama mtoto. Mpaka leo nikisikia mlio wa 1HZ barabarani najua ni yeye kabla sijageuka.

Kwenye Escudo hutazungusha hab kwa mkono, unavuta liva tu, ila kanuni nyingine ni ileile, ukitaka kuingiza gia ndogo unasimama kwanza, na kwenye lami kavu fowili unaitoa maana tairi za mbele na nyuma hazizunguki sawa kwenye kona, gari inajibana mpaka unahisi kama umeshika breki. Tope utalipata la kutosha huko, nitakuja siku moja tukatafute bovu kabisa nikufundishe kulitoka bila kukanyaga. Unakanyaga kidogo kuliko unavyotaka, hilo ndo gumu kulielewa.

Sasa panga hivi, Ijumaa panda gari la jioni ulale hapa nyumbani. Jumamosi saa kumi na moja na nusu tutoke, kwa mwenye gari ni Kirumba tutafika mapema kabla hajaamka. Hela iache benki, tunaenda kuangalia. Dalali akikupigia mwambie unamsubiri baba, na huyo mwenye cash akija keshokutwa akaichukua na aichukue, mwezi huuhuu utaona nyingine.

Mi nabeba tochi, bisibisi na boksi la kulalia chini. We njoo na nguo za kuchafuka. Mama yako kasema atatufungia maandazi na chai kwenye chupa, nimemwambia asiweke maziwa.

Baba yako,
Igoma