Mwanangu, Usingizi Kwanza

Mwanangu,

Hujambo huko Arusha na hiyo kazi yako ya polisi? Sisi hapa Moshi hatujambo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu jibu lako ni lilelile, "niko poa, mama", na sauti ya mtu aliyelala masaa 3 haifichiki.

Nianze na usingizi, maana ukivunjika huo, mengine hufuata. Ukitoka zamu ya usiku saa 12 asubuhi, mwili ukiona jua hudhani siku imeanza. Vaa miwani ya jua njiani, kula kidogo, uwe kitandani kabla ya saa 3. Kahawa ya mwisho iwe saa 6 usiku. Nusu ya nguvu yake bado imo mwilini baada ya masaa kama 5, kwa hiyo kikombe cha saa 10 alfajiri ndicho kinachokukodolesha macho kitandani. Ukisinzia, lala dakika 20 hapohapo kituoni ndipo uondoke. Usipande pikipiki hivyo. Aliyekesha huendesha kama mlevi, na nyie trafiki ndio mnaopima walevi.

Bia ya kutafutia usingizi ni ulaghai: inakulaza upesi, kisha inakuamsha katikati umelowa jasho. Vidonge vya usingizi vya kununua bila cheti cha daktari ni vibaya zaidi. Baada ya wiki chache mwili unadai viwili badala ya kimoja, na kichwa kinakuwa kizito wakati umeshika silaha.

Sasa hizo ajali za barabara ya Moshi–Arusha. Kinachorudi usiku mara nyingi ni kipande tu: harufu ya dizeli, kiatu cha mtoto, simu ya marehemu inayoita mfukoni na kioo kimeandika "Mama". Kikirudi, usishindane nacho. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, taja kimoyomoyo vitu 5 unavyoviona, 4 unavyovigusa, 3 unavyovisikia, na toa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta, mpaka mwili ukubali kwamba uko chumbani, hauko tena Usa River.

Wakubwa wakiwakusanya siku ileile ya ajali na kumlazimisha kila mmoja asimulie yote, una haki ya kunyamaza. Hata Shirika la Afya Duniani halipendekezi utaratibu huo. Siku za mwanzo mtu anahitaji maji, chakula na mwenzake mmoja wa kukaa naye. Kwa wengi hali hulegea ndani ya wiki chache. Ikipita mwezi bado unaota, unashtuka pikipiki ikilipua moshi, unazunguka mbali kukwepa ile kona, basi ni ugonjwa, na una tiba.

Sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, nayo kwa askari huja imevaa hasira. Unamfokea mahabusu kwa kuomba maji, chakula hakina ladha, mpira huufuatilii tena. Hali hiyo ikikaa wiki 2 mfululizo, nenda hospitali. Watu wakisikia "akili" hudhani safari ni ya Milembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Hospitali ya KCMC hapa Moshi wana idara hiyo, unaingia na kutoka kama mgonjwa wa meno. Mwambie daktari unabeba silaha na unafanya zamu za usiku, ili achague dawa akijua. Dawa za sonona huchukua wiki 2 hadi 4, pengine 6, kabla hujaona nafuu. Wengi huziacha mapema kwa sababu ya kichefuchefu, wakasema hazifanyi kazi. Usizikatishe bila kumwuliza aliyekuandikia.

Najua pumzi haiongezi askari kituoni wala hailipi posho. Likizo yako iombe kwa maandishi, weka tarehe, baki na nakala.

Na hili nalisema waziwazi. Siku ukitamani ulale usiamke, rudisha bunduki ghalani na umwambie mkuu wa zamu: "Afande, leo siwezi kubeba silaha." Maneno hayo yanatosha, huhitaji kueleza. Wimbi la namna hiyo mara nyingi hupungua mtu asipoachwa peke yake, ila risasi haikupi muda huo. Kisha nipigie, hata saa 9 usiku.

Pazia jeusi la kulalia mchana nimelikabidhi kwa kondakta wa Koasta ya saa 4. Lina upana wa mita 2, lipite dirisha pande zote mbili, maana mwanga huingilia pembeni.

Mama yako