Barua kwa mwanangu: Nunua mabega kwanza

Shangani, Mtwara

Mwanangu,

Picha za zile suti tatu nimezipata kwenye simu. Huku sote hatujambo. Kanzu ya nikaha iko tayari, imebaki suti ya ukumbini, na kwa kuwa hutaki kushonewa, unataka ya kutundikwa huko Kariakoo, basi soma haya kabla hujatoa hela. Kwenye picha siwezi kuhukumu kitu zaidi ya rangi, na ile inayong'aa iache hukohuko.

Uliniuliza ipi ni nzuri. Swali hilo halijibiki mpaka ujue kipi fundi anaweza kurekebisha na kipi hawezi. Kiuno cha koti, urefu wa mikono, pindo la suruali, hayo ni kazi ya siku moja. Mabega, kifua na urefu wa koti ndivyo unavyolipia dukani, kwa sababu ukishatoka navyo vimebaki hivyohivyo.

Anza na kipimo. Mtu mwingine akupime kifua, tepu ipite chini ya makwapa na izunguke usawa huohuo mgongoni, mikono ikining'inia, usijaze pumzi. Ukipata inchi 40, hiyo ni namba 40 ya Uingereza na Marekani, na ni namba 50 ya Ulaya. Tofauti ni 10 daima. Suti za Kituruki hutumia namba za Ulaya, na mara nyingi utaona 50-6 au 50-8. Hiyo tarakimu ya pili ni tofauti ya kifua na kiuno ikiwa imegawanywa nusu: 6 ni sentimita 12, 8 ni sentimita 16. Wewe una kiuno chembamba, ukipewa ya 6 suruali itakuvuka. Kwenye namba za Kiingereza utakuta herufi S, R au L, yaani koti fupi, la wastani au refu. Hata hivyo namba ni pa kuanzia tu. Jaribu na ya juu yake na ya chini yake, maana viwanda havikati sawa. Na uende umevaa shati la mikono mirefu na viatu, si fulana na ndala.

Sasa mabega. Mshono wa mkono unatakiwa uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Simama ubavu kwa ukuta, sogea polepole: sponji ya begani ikigusa ukuta kabla ya mkono wako, koti ni pana. Upana huo utauona pia chini kidogo ya bega, kitambaa kinabonyea na kufanya kishimo. Bega likiwa dogo, mambo ni kinyume, nyama ya mkono inasukuma kitambaa nje na mkono wa koti unatuna kwa juu. Atakayekuambia "fundi atapunguza" anataka kuuza. Kupunguza bega ni kufumua mkono wote, bitana, sponji na kitambaa cha ndani, kukata upya tundu la mkono, kisha kurudisha kila kitu mahali pake. Gharama yake inakaribia koti lingine, na mara nyingi mkono haurudi kuning'inia vizuri.

Baada ya mabega tazama shingo. Ukosi wa koti ulale juu ya ukosi wa shati, pasiwe na mwanya nyuma. Lakini simama unavyosimama siku zote! Watu wakifika kwenye kioo hujikaza kifua kama askari wa gwaride, mwanya unafichika, halafu unajitokeza ukumbini. Mwanya usioondoka ukisimama kawaida ni sababu ya kulirudisha koti kwenye henga. Mkunjo mmoja wa kulala chini ya ukosi ni afadhali, huo fundi hushusha ukosi na unaisha.

Funga kifungo cha juu peke yake, kama koti lina viwili. Cha chini hakifungwi. Kitambaa kikivutana na kuchora alama ya X kwenye kifungo, ni dogo. Ngumi ikipita na kucheza kati ya kifungo na tumbo, ni kubwa. Hapo kijana wa dukani atasimama nyuma yako na kukibana kitambaa kwa vidole ili kiuno kipendeze kwenye kioo. Mwambie aachie. Kisha geuka utazame mpasuo wa nyuma: ukiachama, makalio yamebanwa. Kama ndani ya mishono ya ubavu kuna akiba ya sentimita 2 au zaidi, fundi ataachia kidogo. Kama mshono umekatwa karibu na uzi, hakuna la kufanya.

Urefu wa koti ufunike makalio. Ukizidi, usitegemee kukata zaidi ya sentimita 2, kwa sababu mifuko haipandi, itabaki imekaribia pindo na koti litaonekana limeliwa. Mikono iishie kwenye kifundo cha mkono, shati lionekane kama sentimita 1. Vifungo vya mkononi vikiwa vya pambo tu, bila tundu lililopasuliwa, mkono hukatwa kwa chini bila shida. Vikiwa vya kweli, kazi inahamia begani na bei inapanda.

Suruali sitakusumbua nayo. Mifuko ya pembeni isiachame, ukikaa msamba usikuvute, na mshono wa nyuma kiunoni uwe na akiba, kwa sababu wewe ukioa utanenepa.

Umbo likikubali, ndipo uhukumu utengenezaji. Shika koti chini ya tundu la kifungo la mwisho, kitambaa cha nje kwa vidole vya mkono mmoja na cha ndani kwa mwingine, vitenganishe taratibu. Ukisikia pande la tatu linaelea katikati, kifua kimeshonewa kitambaa kigumu cha ndani. Usiposikia kitu, sehemu hiyo imegandishwa kwa gundi. Suti nyingi za bei yetu ni za gundi na si aibu, gundi nzuri inadumu miaka. Mbaya ndiyo tatizo, hasa pwani. Jasho na joto la pasi hukifanya kitambaa cha nje na kile cha ndani visinywee sawa, gundi inaachia, na kifuani vinatokea vipele ambavyo hakuna fundi wa kuvilaza. Kwa hiyo litazame koti kwa ubavu kwenye mwanga wa mlangoni, si chini ya taa za duka. Ukiona vipele vidogo sasa hivi, likiwa jipya, Desemba kwenye harusi litakuwaje? Ukunje pia ukosi wa kifuani mkononi kisha uuachie: urudi wenyewe kwa mviringo laini. Ukibaki na alama ya kunjo, koti hilo liache dukani.

Kitambaa sasa. Dukani kuna kiyoyozi na kila suti ni nyepesi humo. Soma lebo iliyoshonwa ndani ya mfuko, achana na ile iliyoshonwa kwenye mkono wa koti. Ya mkononi itaandikwa "Super 150's" hata kwenye poliesta tupu, yaani uzi wa plastiki. Neno hilo lina kanuni yake, ni la kitambaa cha sufu halisi: Super 100's ni nyuzi ambazo unene wake hauzidi maikroni 18.75 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na kila 10 zinazoongezeka uzi unapungua nusu maikroni. Uzi mwembamba ni laini lakini unajikunja upesi na kuchakaa upesi, kwa hiyo hata ingekuwa kweli, 150 haikufai kwa kucheza muziki usiku kucha. Ukikuta herufi TR, huo ni mchanganyiko wa poliesta na viskosi, uzi laini unaotokana na miti, ndio mwingi Kariakoo.

Usiamini lebo? Omba uzi mmoja kutoka ndani ya pindo, uwashe kiberiti nje ya duka. Sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalovunjika vidoleni. Poliesta inayeyuka na kuacha tone gumu. Kwa joto la huku ningechagua sufu nyepesi ya gramu 220 hadi 260 kwa mita ya mraba, au mchanganyiko wenye sufu nyingi. Duka likiwa halijui gramu, weka mguu wa suruali mdomoni na upulize: hewa ipite. Kisha fungua koti utazame bitana. Iliyoishia nusu ya mgongo ni bora kwako kuliko inayofunika mgongo mzima, na ya viskosi hupitisha jasho kuliko ya poliesta.

Ukichagua yenye mistari au drafti, mistari ikutane kwenye kifuniko cha mfuko na katikati ya mgongo. Hiyo ni dakika moja ya kutazama na inakuambia kiwanda kilikuwa na haraka kiasi gani.

Ukiinunua, ule uzi wa X kwenye mpasuo wa nyuma ukate, na lebo ya mkononi ifumue. Vyote ni vya safarini. Usiifue. Usiipige pasi moja kwa moja, tandika kitambaa chenye unyevu juu yake, na pasi ya mkaa usiikaribishe kabisa. Risiti itunze.

Iletwe huku wiki tatu kabla ya shughuli, maana huo ni msimu wa korosho na mafundi wote wa mjini, nami nikiwemo, tunakuwa na foleni. Nitaanza na kiuno cha koti, mikono ifuate, suruali mwisho. Na viatu utakavyovaa siku hiyo vije pamoja na suti, pindo la suruali halipimwi mtu akiwa pekupeku.

Mama yako