Mheshimiwa Waziri, mnara wa Pemba usichorewe Unguja

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Utalii na Mambo ya Kale, Zanzibar.

Assalaam alaykum. Sina maneno mengi Mheshimiwa, naiombea Pemba kitu kimoja tu, mnara wa kumbukumbu ya utamaduni wetu wenye roshani ya kutazamia juu, ujengwe Chake Chake, maana Unguja Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000 na mtalii akishuka tu anajua pa kwenda, huku kwetu anapelekwa kuzamia anarudishwa hotelini, anaondoka hata Mkama Ndume, mtawala wetu wa zamani, hajamsikia.

Lakini tafadhali sana msituletee karafuu ya zege iliyopakwa rangi ya dhahabu. Najua ndo kitu cha kwanza atakachochora mtu akiambiwa Pemba. Karafuu kwetu ni kazi, mtu kashinda juu ya mti, usiku nyumba nzima mpaka watoto wamekaa wanachambua, karafuu huku makonyo (vijiti vyake) kule, vidole vinanata, asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi na macho yako juu kuangalia wingu. Hiyo ndo iwekwe ukutani, na kinamama waonekane.

Muundo nina wazo. Kule Pujini kwenye magofu ya ngome ya Mkama Ndume, ya karne ya 15, kuna kisima ambacho wazee wanasema kilitiwa ukuta ili wake zake wawili wasikutane, mmoja anashuka kwa ngazi mwenzake anateka kwa kamba. Basi mnara nao uwe na ngazi mbili na ukuta katikati, moja ya kupandia moja ya kushukia, watu wakutane juu tu. Mtoto wa skuli akiuliza kwa nini, hadithi ishaanza hapo hapo (na msongamano hamna pia). Jengo liwe la mawe na chokaa, vioo hapana, kwa jua hili mtatuoka. Ukiwa juu utazame magharibi uone hori la bahari, Ras Mkumbuu na magofu ya msikiti wake, halafu kisiwa cha Misali.

Wenyeji tuingie bure, au basi shilingi mia tano. Na kabla mchoraji hajashika kalamu, njooni mkae na watu wa Pujini na wachumaji wa karafuu, kikao kiwe huku huku, isiwe mshamaliza Unguja ndo tunaletewa picha tupige makofi.

Wassalaam,
Mpemba wa Chake