Fidia ya askari wastaafu: tatizo liko chumba cha uchunguzi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu anayelalamika kwamba VA, idara ya Marekani inayoshughulikia askari wastaafu, imempunja asilimia kumi ya kiwango cha ulemavu, kiwango ambacho ndicho kinachopanga fidia yake. Goti lake limepewa 20, mgongo 20, mlio wa masikio 10. Amejumlisha akapata 50, barua ya uamuzi inasema 40. Nampa pole, lakini hapo hakupunjwa.

Hesabu yao huanza na mwili wenye uzima wa asilimia 100. Goti likitoa 20, zinabaki 80. Mgongo unatoa asilimia 20 ya hizo 80, yaani 16, na jumla inakuwa 36. Masikio yanatoa asilimia 10 ya 64 zilizobaki, jumla inafika 42, na 42 inashushwa hadi 40 kwa kuwa viwango huenda kwa makumi. Ingefika 45 ingepandishwa hadi 50. Siipendi hesabu hii, lakini imeandikwa kwenye kanuni na kila mstaafu anapigiwa hiyo hiyo.

Swali la kuuliza ni jingine: hiyo 20 ya goti ilipatikanaje? Huko ndiko watu wetu wanakoumizwa, na ndiko kulikonifanya nishike kalamu.

Mume wangu aliingia jeshini kupitia MAVNI, mpango ulioanza mwaka 2009 na uliowachukua wahamiaji wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwemo. Alitoka na goti bovu. Ili dai likubaliwe yanatakiwa mambo matatu: ugonjwa ulioko sasa, tukio la jeshini, na maoni ya mtaalamu kwamba uwezekano wa hayo mawili kuhusiana haupungui nusu kwa nusu. Ushahidi ukilingana pande zote, sheria inampa mstaafu faida ya shaka. Hayo yote aliyapata bila shida. Kilichomwangusha ni siku ya uchunguzi wa kitabibu ulioagizwa na VA.

Asubuhi ile alimeza dawa za maumivu ili aweze kuendesha gari. Mchunguzi, ambaye hajawahi kumtibu, akaweka kipimapembe kwenye goti, akamwambia akunje, akaandika nyuzi. Namba hizo zina uzito: goti lisilokunjika zaidi ya nyuzi 45 ni asilimia 10, nyuzi 30 ni asilimia 20, nyuzi 15 ni asilimia 30. Lake, likiwa limelainishwa na dawa, lilikunjika vizuri. Akaulizwa kama linauma. Akajibu anamudu, anamshukuru Mungu. Ndivyo alivyolelewa: mwanamume halalamiki mbele ya mgeni. Ripoti ikaandika hakuna maumivu, na uamuzi ukaja: goti lina uhusiano na utumishi wa jeshini, lakini kiwango ni asilimia 0, yaani bila malipo.

Kwa kanuni zao wenyewe, kiungo kinachouma kikitembezwa kinastahili angalau kiwango cha chini cha malipo, na mahakama inayosikiliza rufaa za wastaafu imeshasema mchunguzi lazima aulize kuhusu siku ambazo hali huzidi na kazi zinazomshinda mtu siku hizo. Hakuulizwa. Naye hakujua kwamba anapaswa kuyasema hata asipoulizwa.

Tulipeleka dai la nyongeza lenye ushahidi mpya, na sehemu ya ushahidi huo ilikuwa barua yangu. Mke, mtoto au askari mwenzake anaruhusiwa kueleza alichokiona kwa macho yake. Sikuandika kwamba anateseka sana. Niliandika kwamba mashine yetu ya kufulia iko chini ya nyumba, na goti likivimba anashuka ngazi kinyumenyume ameshika reli kwa mikono miwili, kapu la nguo nikilibeba mimi. Alichunguzwa upya, safari hii bila kumeza dawa, akasema kweli yote. Kiwango kikapanda.

Kwa hiyo namwomba msomaji wenu aombe nakala ya ripoti ya uchunguzi wake na aisome mstari kwa mstari akiwa na mkewe. Ana mwaka mmodi tangu tarehe ya barua ya uamuzi. Akiwahi ndani ya mwaka huo na dai likafaulu, kwa kawaida malipo huhesabiwa tangu tarehe ya dai la kwanza. Akichelewa, bado anaweza kuleta ushahidi mpya, ila miezi ile ya nyuma inaweza kumpotea.

Na asimlipe mtu anayemwahidi asilimia 100. Sheria hairuhusu kutozwa ada kwa kuandaliwa dai la mwanzo, na vyama vya askari wastaafu kama DAV (Disabled American Veterans) na American Legion vina wawakilishi waliosajiliwa na VA wanaofanya kazi hii bure. Wapo hata kwenye miji midogo. Kama Kiingereza cha kwenye fomu kinamsumbua, aende na mwanawe.

Mke wa askari mstaafu,
Minnesota, Marekani